Mwanamke Upande Huu, Mungu Upande Ule

Watu wakiniletea sarafu ya shaba ya Kirumi yenye kichwa cha mwanamke, swali huwa moja: huyu mama ni nani? Mimi huwaomba waigeuze kwanza. Upande wa kichwa unakupa jina. Wa pili ndio unaokuonyesha ikulu ya Kaisari ilitaka watu wamwoneje.

Niliyonayo mkononi sasa ni sesterti, aina mojawapo ya sarafu hizo, nzito, gramu 25 hivi. Maandishi yamelika, lakini ukiimulika kwa taa ya ubavuni unasoma DIVA FAVSTINA. V ndiyo U yao. Neno DIVA, yaani wa kimungu, linamaliza ubishi wa tarehe. Sarafu hii ilipigwa baada ya Faustina mkubwa, mke wa Kaisari Antoninus Pius, kufariki mwaka 140 na Seneti kumtangaza kuwa mungu. Nywele zimesukwa zikazungushwa juu ya utosi, na hata jina likifutika lote, msuko huo unatosha kumtambua. Nyuma amesimama Ceres, mungu wa kike wa nafaka, ana masuke na mwenge.

Tafadhali, usiisugue sarafu kama hii kwa ndimu na majivu kama sinia la shaba. Ndimu inakula utando wake, na msuko, kwa kuwa umeinuka, ndio wa kwanza kwenda.

Anayenigusa zaidi ni binti yake, Faustina mdogo, mke wa Kaisari Marcus Aurelius. Alizaa watoto wasiopungua 12, na sarafu zake zimejaa uzazi: Fecunditas, mungu wa kike wa uzazi, na mtoto wake, au Juno Lucina, ambaye wanawake wa Roma walimwomba wakishikwa na uchungu.

Mwaka 161 akajifungua pacha wa kiume, Commodus na Antoninus. Ikatoka sarafu yenye maneno SAECVLI FELICIT, yaani neema ya zama hizi. Safari hii mungu hayupo. Kipo kiti chake tu, kimetandikwa kitambaa, na juu yake watoto wawili. Antoninus hakufika mbali. Alifariki akiwa na miaka kama 4. Commodus ndiye aliyekuja kutawala. Kwenye sarafu zilizochakaa nyuso zao hazionekani tena, na huwezi kujua yupi ni yupi.