Maji Meupe, Samaki Wafu: Maswali na Majibu kwa Wafugaji wa Samaki wa Nyumbani

Kazi yangu ni kutibu samaki wa mapambo. Wengi wanaonifikia hawaji samaki wa kwanza anapokufa. Huja baada ya wa nne au wa tano, na mkononi wana chupa mbili tatu za dawa walizokwisha kuzimimina tangini. Karibu wote huanza na maneno yale yale: "Daktari, lakini maji ni meupe kabisa." Maswali haya nimeyatoa vinywani mwao. Yote yanahusu samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari.

Samaki wangu wanakufa mmoja mmoja, hawana kidonda wala doa. Ni ugonjwa gani huo?

Mara nyingi si ugonjwa. Ni maji. Samaki hula, hunya na hupumua ndani ya maji yale yale, na matamvua yake hutoa amonia saa zote, usiku na mchana. Mtoni amonia hiyo huchukuliwa na maji yapitayo. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza jina la ugonjwa, niambie umepima nini.

Maji sijapima, lakini ni meupe, naona hadi changarawe za chini.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Amonia haina rangi. Nitriti haina rangi. Klorini katika maji ya bomba haina rangi. Kwa viwango vinavyoua samaki, amonia huwezi hata kuinusa. Weupe wa maji unakuambia jambo moja tu, kwamba hayana vumbi wala ukungu. Haukuambii kama yanamfaa kiumbe anayeishi humo. Pima maji. Kuna vipimo vya matone, vichupa vidogo ambavyo unatia matone katika maji kidogo kisha unalinganisha rangi. Ni dakika chache tu. Karatasi za kuchovya pia zipo, ila nyingi hazipimi amonia, na amonia ndiyo tunayoitafuta kwanza.

Amonia, nitriti, nitrati. Tofauti yake ni nini?

Amonia hutoka kwa samaki, kwenye mabaki ya chakula na kwenye chochote kinachooza. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Mbili za kwanza ni sumu hata kwa kiasi kidogo, na kipimo chake kinatakiwa kisome sifuri. Nitrati ina nafuu. Ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita wengi huvumilia, ingawa mimi hupenda kuiona chini ya 20, na huipunguza kwa kubadilisha maji.

Pima na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (namba ikishuka, asidi imezidi), kwa sababu ukali wa amonia unategemea pH. Katika nyuzi 25 za joto, kiasi kile kile cha amonia kina sumu karibu mara 10 zaidi kwenye pH 8 kuliko kwenye pH 7. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na kipimo kama chako na samaki wake wanaogelea, wako wanakufa.

Tangi ni jipya, lina wiki mbili. Chujio linafanya kazi tangu siku ya kwanza.

Linazungusha maji, halisafishi bado. Bakteria niliowataja hawaji na chujio kutoka dukani. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka hadi watoshe, wakati mwingine zaidi. Ukijaza tangi Jumamosi na kutia samaki kumi Jumapili, umewaweka kwenye nyumba isiyo na choo. Wiki ya kwanza wataonekana wazima. Ya pili na ya tatu, amonia kisha nitriti zikipanda, ndipo wanapoanza kufa, na ndipo watu hukimbilia dawa.

Mtu mmoja aliniletea samaki wa dhahabu aliyekufa saa hiyo hiyo, njiani. Nje hakuwa na alama hata moja, magamba yanang'aa, mapezi kamili. Nilinyanyua kifuniko cha shavu kwa kibano. Matamvua, ambayo hutakiwa yawe mekundu ya damu mbichi, yalikuwa ya kahawia kama kutu. Hiyo ni kazi ya nitriti: huingia katika damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, kwa hiyo samaki hukosa pumzi hata kama pampu ya hewa inachemsha mapovu. Tangi lake lilikuwa na siku 19. Maji yalikuwa meupe.

Nimekwisha kutia dawa ya fangasi na ya bakteria, zote mbili. Mbona wanazidi kufa?

Kwa sababu huenda ulikuwa na tatizo moja, sasa una mawili. Dawa haiondoi amonia. Narudia, dawa haiondoi amonia. Tena dawa kadhaa huwaua au kuwadhoofisha wale bakteria wa chujio. Dawa ya bluu ya methilini ni mojawapo, na baadhi ya antibiotiki pia. Chujio likilala, amonia hupanda zaidi, samaki huzidi kulemewa, na mwenye tangi huona "ugonjwa umekataa" akaongeza dozi. Formalini hupunguza oksijeni majini. Dawa zenye shaba huua kamba wadogo na konokono.

Nasema hili kwa heshima, lakini nalisema kila wiki na limenichosha: kumimina dawa usiyojua inatibu nini, ndani ya maji usiyoyapima, si kutibu. Pima maji kwanza. Kipimo kikisoma sifuri kwa amonia na nitriti, pH haijayumba na joto liko sawa, hapo ndipo tuzungumze kuhusu vijidudu.

Kama umekwisha kutia, simamisha. Badilisha sehemu ya maji, weka mkaa wa chujio kwa siku chache unyonye dawa iliyobaki, ongeza hewa.

Mimi ni msafi sana. Kila wiki natoa kila kitu, naosha changarawe, naosha sifongo ya chujio kwa maji ya bomba mpaka inang'aa.

Mama, huo ndio msiba wenyewe. Ile takataka ya kahawia inayoteleza kwenye sifongo ndimo wanamoishi bakteria wako. Klorini iliyotiwa kwenye bomba imekusudiwa kuua bakteria, na inafanya kazi yake. Ukiosha sifongo kwa maji hayo umelirudisha tangi siku ya kwanza, huku samaki wote wakiwa ndani.

Sifongo ikamulie ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, mara mbili tatu tu, iache maji yapite. Isitakate. Usioshe chujio na changarawe siku moja. Usitoe maji yote. Robo ya maji kwa wiki inatosha kwa matangi mengi, na maji mapya lazima yatiwe dawa ya kuondoa klorini na yawe na joto linalokaribiana na la tangini. Wapo wanaoacha maji kwenye ndoo usiku mzima. Klorini huondoka hivyo, lakini kama mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyaacha ndooni hakusaidii.

Tangi langu lina miaka mitatu, halijawahi kunisumbua. Juzi nikabadilisha maji mengi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kesho yake wakafa sita. Maji ya bomba yana sumu?

Yanaweza kuwa na klorini, ndiyo, lakini kwa tangi lililotelekezwa natafuta kitu kingine. Maji yasipobadilishwa kwa miezi, uwezo wake wa kuzuia asidi huisha na pH hushuka taratibu. Samaki huzoea. Kwenye pH ya chini, bakteria wa chujio nao huzubaa na amonia hurundikana, ila ikiwa katika hali isiyo na ukali. Siku ukimimina maji mapya yenye pH ya juu nusu tangi kwa mkupuo, amonia yote hiyo hugeuka kuwa sumu ndani ya dakika. Samaki waliokuwa wanaogelea asubuhi wanalala ubavu jioni.

Kwa hiyo tangi la namna hii usilikimbize. Pima pH ya tangi, pima na ya maji mapya. Zikiachana sana, badilisha sehemu ya kumi tu kwa siku, siku kadhaa mfululizo, mpaka zikaribiane. Kisha usirudie kulisahau.

Wote walikufa usiku mmoja. Jioni walikula vizuri.

Vifo vya pamoja, ndani ya saa chache, si tabia ya magonjwa mengi. Jiulize nini kilibadilika ndani ya siku ile. Umeme ulikatika na pampu ikazima? Hita ilikwama ikapika maji? Mtu alipuliza dawa ya mbu chumbani? Dawa nyingi za wadudu zina pairethroidi, ambazo ni kali mno kwa samaki, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini. Mtu aliingiza mkono wenye sabuni au losheni?

Wakifa alfajiri, na wakubwa wakatangulia, nawaza oksijeni. Mimea ya majini hutoa oksijeni mchana lakini usiku nayo huivuta. Maji ya moto nayo hushika oksijeni kidogo. Samaki wanaohema juu ya maji asubuhi wanakuomba hewa. Usisubiri waanze kuelea.

Ngoja nione siku mbili tatu, labda atapona mwenyewe?

Hapana. Usingoje. Samaki anayehema juu, aliyebana mapezi, anayejikuna kwenye mawe au aliyejitenga pembeni na kukataa kula amekwisha kuvumilia siku kadhaa. Samaki huficha udhaifu mpaka mwisho. Ukimwona anaumwa, umemwona amechelewa.

Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo: mtoe aliyekufa, maana akioza anaongeza amonia. Pima amonia, nitriti, pH na joto, uandike namba. Simamisha chakula kwa siku moja au mbili. Samaki mzima mwenye afya hadhuriki kwa njaa ya siku hizo, wala usimwonee huruma ya kumtupia "kidogo tu". Ongeza hewa. Amonia au nitriti ikionekana, badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini, na rudia kila siku mpaka namba zishuke. Tangi la zamani lenye pH iliyoshuka, fuata niliyosema juu. Ikiwa ni nitriti, chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza na kutiwa kidogo kidogo, huizuia kuingia kupitia matamvua. Ukiwa na mimea mingi laini au kambare, uliza kwanza.

Nikija kwako nilete nini?

Maji. Watu huniletea samaki aliyekufa jana, amevimba, macho meupe, hakuna ninachoweza kusoma humo. Leta maji ya tangi kwenye chupa safi iliyojaa hadi mdomoni, na chupa nyingine ya maji unayojazia. Kama unaweza, leta samaki mgonjwa aliye hai ndani ya maji yake. Aliyekufa sasa hivi muweke kwenye friji, asigande, na umlete ndani ya saa chache. Niambie ukubwa wa tangi kwa lita, idadi ya samaki, lini uliongeza wapya, lini uliosha chujio. Na uniambie kila dawa uliyotia. Wengine huona haya kunitajia. Usifiche, sikutozi faini.

Kwa hiyo magonjwa hayapo?

Yapo. Doa nyeupe ni mfano wa wazi: vidoa kama punje za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Husababishwa na kijidudu ambacho dawa hukiua kinapokuwa kinaogelea tu, si kikiwa chini ya ngozi, ndiyo maana tiba haikatizwi vidoa vikipotea. Mara nyingi huletwa na samaki mpya aliyetiwa moja kwa moja kutoka kwenye mfuko wa dukani. Tenga kila samaki mpya kwenye chombo chake kwa wiki 2 hadi 4.

Nimeambiwa ninunue wengine kufidia waliokufa. Ninunue lini?

Si wiki hii. Kila samaki mpya unayemtia kwenye tangi lenye tatizo ni mzigo juu ya mzigo, na ni kumpeleka kufa. Subiri mpaka amonia na nitriti zisome sifuri kwa wiki mbili mfululizo, huku waliobaki wakilishwa kama kawaida, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Kisha ongeza wawili watatu, pima kila siku kwa wiki nzima, na namba zikikaa hapo hapo ndipo ufikirie wengine.