Bwawa la Nyerere limejaa, sasa umeme wa Ethiopia wa nini?

Juzi msibani shemeji yangu kanibana mbele za watu: "Si mlisema bwawa likiisha umeme utakuwa wa kumwaga? Mbona kwangu ikifika saa mbili usiku taa inakuwa kama kibatari, halafu nasikia tunanunua wa Ethiopia?" Mimi kazi yangu ni kupiga hesabu za mahitaji na uzalishaji, nguzo sijawahi kupanda hata moja, lakini kwenye familia lawama zote za umeme zinatua kwangu. Haya basi, nijibu hapa mara moja yaishe.

Kila mtu anaijua ile megawati 2,115 ya bwawa la Nyerere, pale mto Rufiji. Ni mashine tisa za megawati 235 kila moja, ya kwanza iliwashwa Februari 2024, tisa zikatimia 2025. Sasa megawati ni uwezo tu, ni kama kuniambia daladala inabeba watu thelathini, bado hujaniambia inapiga tripu ngapi kwa siku. Mashine zote tisa zikizunguka mwaka mzima bila kupumzika zingetoa kama gigawati-saa 18,500 (hicho ndo kipimo cha umeme uliozalishwa kweli), ila makadirio ya mradi wenyewe ni kama 5,920 kwa mwaka, chini ya theluthi, na ukizigawa kwa saa zote za mwaka unapata wastani wa megawati 675 hivi. Watu wakisikia hapo wanadhani tumepigwa. Hatujapigwa jamani, maji ya Rufiji kwa mwaka ndo yanatosha hivyo, na mashine zimewekwa nyingi makusudi ili kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku, nchi nzima ikiwa imewasha taa na tivii na pasi kwa mpigo, ufungulie maji mengi, halafu usiku wa manane watu wakilala unabana.

Mahitaji ya juu kabisa ya nchi mwaka 2025 yalivuka megawati 1,900. Kwa hiyo jioni moja bwawa linaweza kutubeba karibu peke yake, ila sio kila saa ya kila siku, na ndo maana anayesema tuzime mitambo ya gesi mimi namuona hajakaa na kikokotoo. Gesi ya Songosongo tunaichoma tangu 2004, bomba la Mtwara mpaka Dar likaja 2015, na mitambo ya gesi ya Kinyerezi, Dar, haingoji mvua.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaliangalii. Chukua ramani, fuata mito kwa kidole: mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yako mto Ruaha Mkuu, maji ya mtambo wa Kihansi yanaingia mto Kilombero, na yote hayo mwisho wake ni Rufiji, kwenye bwawa jipya. Utamu wake ni kwamba maji yaliyozungusha megawati 80 pale Mtera yanashuka kuzungusha 204 Kidatu, kisha yanaenda kazini tena kwa Nyerere. Uchungu wake ni kwamba mvua ikigoma nyanda za juu kusini inagoma kwa wote. Mnaokumbuka mgao wa 2006 mnajua jinsi watu walivyokuwa wanafuatilia kina cha Mtera kama matokeo ya mpira, mita 690 juu ya usawa wa bahari ikiwa ndo mstari wa mwisho wa kuzungusha mashine.

Sasa Ethiopia. Sababu ya kununua iliyotolewa na serikali 2025 ni kwamba umeme ukisafiri toka kusini mpaka Kilimanjaro na Arusha mwingi unapotelea njiani, na ni kweli, waya unapata joto kwa mraba wa mkondo, yaani kwa umeme uleule, ukiongeza volteji (msukumo) mara mbili, mkondo (umeme unaopita kwenye waya) unabaki nusu na upotevu unabaki robo. Ndo maana laini kubwa za siku hizi zinajengwa kilovolti 400, kama ile ya Singida kwenda Isinya, Kenya, iliyowashwa Desemba 2024. Ila kwangu mimi sababu nzito zaidi ni mvua. Mvua kubwa ya Ethiopia ni Juni mpaka Septemba, mabwawa yao yanajaa wakati huku kwetu ni kiangazi na mito imesinyaa. Ukinunua kidogo kipindi kile unakuwa umehifadhi maji ya kwako ya Oktoba. Bei ikiwa mbaya tuache, laini ikishakuwepo hata sisi tunaweza kuwauzia.

Na taa ya shemeji? Nilienda na mita yangu, saa mbili na robo usiku ikasoma volti 171, wakati inatakiwa 230. Nyumba yake iko nguzo ya mwisho, transfoma ni ile ya zamani kabla mtaa haujajaa, na njiani kuna mashine mbili za kusaga na fundi wa kuchomelea mageti anayependa kufanya kazi jioni kukiwa na ubaridi. Kaniuliza tena Ethiopia inaingiaje hapo. Nikamwambia haiingii, hebu tuhesabu nyumba zilizoungwa kwenye hiyo transfoma tuandike barua. Tulifika arobaini na tatu, mvua ikatukimbiza.