Sailensa ikipanda, usikimbilie skrubu

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu: gari la zamani likiunguruma juu likiwa limesimama, eti legeza skrubu ya sailensa (yaani mzunguko wa injini usipokanyaga akseleta), kazi imekwisha. Kwa injini ya kabureta (kifaa cha zamani kinachochanganya mafuta na hewa bila kompyuta) ushauri huo una ukweli, na ndiko ulikotoka. Tatizo ni kwamba unatumwa pia kwa wenye injini za EFI (zinazopuliziwa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta), ambako skrubu hiyo hupimwa kiwandani. Ukiichezea, kompyuta inaweza isijue tena kama umeachia akseleta.

Injini ikiwa ya baridi, mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika ni kawaida tu. Ipashe moto kwanza. Isiposhuka karibu na 700 au 800, angalia kama waya wa akseleta umekaza, kisha sikiliza mlio wa "sss" wa hewa inayovuja karibu na mipira ya hewa ya injini. Ibane mmoja mmoja kwa koleo, taratibu. Mngurumo ukishuka, fuata mpira huo na unachokilisha. Maji ya rejeta yakipungua, nayo huidanganya sensa kuwa injini bado baridi (kifuniko kifunguliwe injini ikishapoa).

Ujumbe huo ukikufikia tena, usiusambaze. Muulize aliyeutuma: kabureta au EFI?