Je, wajua kwa nini Warumi walipamba sakafu kwa picha za takataka?

Mwaka 1833, katika shamba la mizabibu kwenye kilima cha Aventino mjini Roma, ilifukuliwa sakafu ya chumba cha kulia ambayo ungedhani karamu ilikwisha jana yake na hakuna aliyeshika ufagio. Miiba ya samaki, magando ya kaa, mguu wa kuku, makombe ya konokono na vikonyo vya zabibu vimetapakaa kila upande, na vyote ni mozaiki, yaani picha iliyoundwa kwa vipande vidogo mno vya mawe na vioo vya rangi. Sakafu hiyo ya karne ya 2 BK sasa imo katika Makumbusho ya Vatican, na fundi wake, Heraclitus, aliandika jina lake humo kwa Kigiriki.

Hata hivyo, hakuwa wa kwanza. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 BK mlima Vesuvius ulipolipuka, anamtaja Sosus wa mji wa Pergamo kuwa ndiye aliyepata sifa kwa sakafu iliyoitwa "chumba kisichofagiwa". Matajiri wa Kirumi walikula wakiwa wamejilaza vitandani, kiwiko cha kushoto kikiwategemeza na mkono wa kulia ukichukua chakula, na maganda na mifupa wakaviangusha tu chini ili watumwa wavifagie baadaye. Kwa hiyo uchafu wa aina hiyo haukumshangaza mgeni yeyote. Kilichomshangaza ni kwamba haukufagilika.

Mzaha huo ulitengenezwa kwa makini. Kila kipande kina kivuli chake juu ya sakafu nyeupe, ingawa vivuli havielekei upande mmoja, na panya mdogo anaonekana akila jozi. Kwa maoni yangu, mwenye nyumba alikuwa akijigamba: vitu vya baharini vya bei ghali vilivyosambaa miguuni pa wageni vilitangaza jinsi nyumba hiyo inavyokula, hata siku ambayo jikoni mlipikwa dengu.

Wapo pia wanaoihusisha picha hii na imani kuhusu chakula kilichoanguka. Plinius huyohuyo anasimulia kwamba tonge lililoponyoka mkononi lilirudishwa mezani, tena ilikuwa mwiko kulipuliza ili kuondoa vumbi, na kwamba kulichoma kwa ajili ya Lari, mungu mlinzi wa nyumba, kulihesabiwa kuwa kafara. Maelezo hayo yanavutia, lakini yanahusu chakula ambacho bado kinalika, ilhali Heraclitus alionyesha hasa mabaki: miiba iliyokwisha kunyonywa na makombe matupu, vitu ambavyo mlaji alivitupa kwa hiari yake.