Mchungwa usio na mbegu na dhana za miche ya chupa

Huku Mwanza wengi tumeizoea migomba ya tishu, ile inayokuzwa maabara kwenye chupa kutoka kipande kidogo cha mmea, kwa hiyo mtu akisikia miche ya michungwa kutoka maabara anadhani mambo ni yaleyale. Sivyo, na wakulima wanapoteza pesa kwa kutoelewa.

Dhana: Maabara ndiyo inayoondoa mbegu.
Kukosa mbegu ni tabia ya mti mama. Chungwa la kitovu, Washington Navel, lilitoka Bahia, Brazil, likafika California miaka ya 1870, wakati hakuna aliyekuwa akikuza tishu za mimea kwenye chupa. Ndimu ya Tahiti nayo ina seti 3 za kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) badala ya 2. Hazigawanyiki sawasawa, mbegu haziumbiki.

Dhana: Basi vinasaba vimebadilishwa.
Hapana. Hakuna kilichoongezwa.

Dhana: Kipande cha jani kinatosha kutoa maelfu ya miche.
Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Kwa michungwa, kazi kubwa ya maabara ni kusafisha ugonjwa. Fundi hukata ncha ya chipukizi yenye milimita 0.1 hadi 0.2, akiitazama kwa darubini, kisha huibebesha kwenye mche mchanga uliooteshwa gizani ndani ya chupa. Kwenye ncha ndogo namna hiyo, mara nyingi virusi kama vya tristeza, ugonjwa wa michungwa, huwa havijafika. Nyingi hufa. Inayoshika hukuzwa, hupimwa, na ikithibitika safi inakuwa mti mama wa kukatia vikonyo, yaani vijiti vya kubebeshea. Kwa hiyo mche utakaouziwa kitaluni bado ni wa kubebesha: angalia kovu shinani. Anayekuuzia mche uliooteshwa kwa mbegu akauita wa maabara anakudanganya, na utasubiri tunda miaka mingi huku ukichomwa na miiba.

Dhana: Mche safi hauugui tena.
Usafi si kinga. Vidukari wakitoka kwenye mchungwa mgonjwa wa jirani huurudisha ugonjwa, ndiyo maana miti mama hufungiwa kwenye nyumba ya wavu.

Dhana: Nikikuta mbegu, nimetapeliwa.
Mzee mmoja wa Usagara alinijia na machenza mkononi: "Mwanangu, wameniuzia mche feki." Yalikuwa Clementine. Aina hiyo haijirutubishi kwa chavua yake yenyewe, ndiyo maana ikiwa peke yake haina mbegu. Nyuki wakileta chavua ya aina nyingine inayopatana nayo, mbegu zinaingia. Nikamuuliza kama kuna michungwa mingine karibu. Akanionyesha ng'ambo ya ua wake: aina tatu, zote zimechanua.