Mwenyekiti wa Kijiji: Kumchagua, Kumheshimu, Kumhoji

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania, wapo wanaofika kituoni na kadi ya mpiga kura mkononi, kisha wanarudi nyumbani bila kupiga. Jina halimo. Kadi ile ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo Tume ya Uchaguzi hulitumia katika uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake inayoandikwa katika kila kitongoji au mtaa. Kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024, uandikishaji ulifanyika kwa siku kumi tu, 11 hadi 20 Oktoba. Sifa ni uraia, umri wa miaka 18 na ukaazi wa eneo hilo. Orodha ikibandikwa, nenda ukalisome jina lako mwenyewe; likikosewa, wakati wa kurekebisha ni huo, si siku ya kura.

Kwenye karatasi ya mwenyekiti weka alama moja ya vema, ndani ya kisanduku cha unayemtaka. Ukiweka kwa wawili, au ukiandika jina lako, kura imeharibika. Wengine huandika matusi kwa mgombea wasiyempenda: naye hapungukiwi na kitu, aliyepoteza kura ni mwandishi.

Wengi huona ngazi hii ni ndogo, hadi ardhi inapoguswa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Ulinzi huo una tundu moja: karatasi ya mahudhurio. Watu huitwa kuzungumzia choo cha shule, wanasaini, na karatasi ileile inaweza kuja kuambatanishwa na muhtasari unaosema waliridhia mwekezaji apewe mashamba. Kabla ya kusaini tazama juu ya karatasi. Kama tarehe na ajenda hazijaandikwa, omba ziandikwe kwanza.

Heshima kwa mwenyekiti huonekana hapohapo mkutanoni: kuitikia wito, kumwacha aendeshe kikao, kutii sheria ndogo za kijiji hata kama kura yako ilikwenda kwa mwingine. Akishaapishwa ni mwenyekiti wa wote. Kumhoji nako ni sehemu ya heshima hiyo, ila namna ya kuhoji ina tofauti kubwa. “Mmekula hela zetu” huzaa kelele, kikao kinavunjika. “Ndugu Mwenyekiti, michango ya zahanati tangu mkutano uliopita ni shilingi ngapi, zimetumika ngapi, na stakabadhi ziko wapi?” ni swali linalotaka tarakimu, na jibu lake lazima liingie kwenye muhtasari. Mwandishi wa muhtasari ni mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa, hakupigiwa kura. Basi la vitabu na stakabadhi mhoji yeye pia, usimbebeshe mwenyekiti peke yake.

Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Miezi ikipita kimya, wakazi waandike barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, na wabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Isipojibiwa, ngazi inayofuata ni mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe, ndiyo maana hupotea.

Ikibidi kuwaondoa wajumbe wa halmashauri ya kijiji, Sheria Na. 7 ya 1982 imeupa mamlaka hayo mkutano mkuu huohuo uliowachagua. Wanaofunga ofisi ya kijiji kwa kufuli au kumfukuza mwenyekiti kwa mawe hugeuza hoja ya fedha kuwa kesi ya jinai, na washtakiwa wanakuwa wao.