TB sugu hutambuliwaje maabara?

TB sugu ni kifua kikuu ambacho vimelea vyake haviuawi tena na dawa zilizozoeleka. Vikishinda rifampisini na isoniazidi, dawa mbili zenye nguvu kuliko nyingine katika matibabu ya kawaida, hapo tunasema usugu wa dawa nyingi. Mgonjwa wake hukohoa kama mgonjwa mwingine yeyote wa TB, na eksirei haimtofautishi. Maabara ndiyo inayojua.

Ila si kila kipimo. Hadubini huonyesha vimelea kwenye makohozi yaliyotiwa rangi, lakini haisemi dawa ipi itaviua. Tena huhitaji vimelea vingi, kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja. Watoto na watu wanaoishi na VVU mara nyingi hutoa vichache, basi wengine huambiwa hawana TB nao wanayo. Jambo hili linaniuma.

Mashine ya GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010, husoma vinasaba. Ndani ya saa mbili hivi husema kama TB ipo, na papo hapo kama jeni iitwayo rpoB ina mabadiliko yanayoishinda rifampisini. Kwangu mimi, hiki ndicho kipimo ambacho kila anayehisiwa kuwa na TB angepaswa kuanza nacho. Lakini kipimo chake cha kawaida hakigusi isoniazidi. Usugu wa dawa hiyo peke yake hutafutwa kwa vipimo vingine vya vinasaba. Tena kipimo cha GeneXpert huokota hata vinasaba vya vimelea vilivyokufa, kwa hiyo hakitumiki kupima kama aliyeanza dawa anapona.

Kuotesha ndiko kunakoaminika zaidi. Vimelea hupandwa kwenye lishe yenye dawa. Vikiota, dawa imeshindwa. Tatizo ni muda. Kimelea cha TB hugawanyika kama mara moja tu kwa siku, hivyo majibu huchukua wiki kadhaa, na kazi yenyewe hutaka maabara yenye ulinzi maalumu dhidi ya maambukizi. Ndiyo maana sampuli husafirishwa kutoka vituo vidogo kwenda maabara kubwa.

Vipimo vyote hivi hutegemea kilichomo kwenye kikopo. Vuta pumzi ndefu, kohoa kwa nguvu kutoka kifuani, toa makohozi mazito. Mate hayatoshi, na una haki ya kuomba kikopo kingine ujaribu tena.